Adapta ya Mama Sabuni

Mimi nauza vyuma, na wateja wanaonipandisha mori ni wale wanaokuja bila kipimo. Mtu anasimama mbele ya kaunta, anatanua vidole viwili hewani, anasema anataka skrubu ya hivi. Nikigeuka kuitafuta, vidole vimeshasogea. Nina miaka kumi na tisa nyuma ya kaunta hii na hasira hizo bado hazijazeeka.

Mama Sabuni hakuwahi kunitia hasira hizo. Karakana yake inatazamana na duka langu, katikati ni barabara tu, na kazi yake ni vifaa vya mashule: madawati, viti, meza za walimu, makabati ya vitabu. Wapita njia wakisikia jina huingia kuulizia sabuni, naye huwajibu kwamba ya leo imekwisha. Jina lenyewe limetokana na namna yake ya kupima. Zamani, akiwa msichana anayejifunza kazi, fundi wake alikuwa mchoyo wa vifaa kupita kiasi, hata msumari hautoki mlangoni. Akimtuma kununua bolti ya kufanana na nyingine, ilibidi aende na kipimo kichwani tu, na akikosea alirudi kupokea matusi. Siku moja akiwa anafua, akaikandamiza bolti kwenye kipande cha sabuni ya mche, akaenda dukani na kile kipande. Hakukosea tena. Mpaka leo nyumbani kwake kuna rafu ya vipande vya sabuni, kila kimoja na tundu lake, na kila tundu analijua ni la kitasa gani na la shule gani.

Mumewe, kabla ya kustaafu, alikuwa mpima viwanja. Rafu ile ilimpa cha kucheka kila siku. Aliniambia yeye amepima wilaya nzima na hakuhitaji hata povu. Mkewe alimjibu kwamba ndiyo maana watu wa wilaya hiyo wanagombania mipaka mpaka leo. Mimi nikawaacha, maana ukiingilia utani wa hao wawili unatoka umechafuka.

Mwaka huu mkono wa kulia wa Mama Sabuni uligoma. Miaka arobaini ya kuzungusha bisibisi ilijikusanya yote kwenye kifundo, kikavimba, na daktari akamwambia bisibisi basi. Mumewe akachukua kazi za jikoni. Vyombo akaosha yeye, chai akapika yeye, na jioni akamkanda mkono kwa kitambaa cha maji ya moto. Alipochoka kumsikia akiguna kila anapogusa kikombe, akamwomba afunge karakana, akae, apumzike. Mama Sabuni akakataa katakata. Alikuwa na madawati themanini ya shule ya jirani, na zaidi ya hapo, alisema, akikaa nyumbani atakuwa anahesabu mabati ya paa.

Mdogo wake, fundi pikipiki, ndiye aliyewapatanisha. Alikuwa amenunua mashine mpya ya kufungulia nati, zile za betri zinazogongagonga, akaahidi kumpa dada yake ile ya zamani. Mume na mke wakakubaliana: Jumamosi mashine ikija, dawati la kwanza lisimame kwa mashine tupu, bila bisibisi. Likisimama, kazi inaendelea. Likikataa, Mama Sabuni atamwambia mwalimu mkuu atafute fundi mwingine, na karakana itafungwa. Alikubali kwa shingo upande, lakini alikubali, na yule mama akishasema amesema.

Tatizo lilikuwa moja. Mashine ya nati imetengenezwa ivae soketi, kile kikombe cha kukamata nati, kwa hiyo kichwa chake ni kijiti cha pembe nne. Biti, ile ncha ya kufungia skrubu, haikai pale. Inahitajika adapta, upande mmoja tundu la pembe nne la kuivisha mashine, upande wa pili tundu la pembe sita la kushika biti. Alhamisi akaja kuitafuta, mashine bado iko kwa mdogo wake, yeye ana sabuni yake mkononi. Kijiti alikuwa amekikandamiza wiki iliyopita.

Nilimpokea kwa raha zote. Nikamwambia zile zinazong'aa aachane nazo, hizo ni za kuzungusha kwa mkono, zikigongwa na mashine zinapasuka. Achukue nyeusi, chuma cha kuvumilia kipigo. Kwenye pembe ya tundu la sabuni niliona kijipande cha jani la chai kimenasa. Nikakipuliza, nikapima. Nusu inchi. Nikampa nyeusi ya nusu inchi, na nikajiona bingwa.

Jumamosi nilikuwa mlangoni kuangalia. Mama Sabuni aliivisha adapta, nayo ikacheza kama kiatu cha baba mguuni mwa mtoto. Alipobonyeza, ikaruka ikaanguka chini ya dawati. Akazungushia utepe kwenye kijiti, akajaribu tena. Utepe ukachanika, skrubu ikaingia upande, ubao ukapasuka. Mumewe alikuwa amesimama pembeni na kitambaa begani, kimya. Nilidhani anafurahia ushindi, na nilimchukia kidogo.

Mama Sabuni akavuka barabara, na mimi mdomo ulikuwa tayari. Kabla hajamaliza nikamwambia nimeuza kwa kipimo chake mwenyewe, sabuni aliyoniachia ile pale, tundu lile pale. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Alikichukua kile kipande, akapitisha kidole ndani ya tundu.

"Basi jirani yangu," akasema, "hata sabuni siku hizi siwezi kuikandamiza sawasawa."

Nikamwambia alete mashine tujaribu ndogo zaidi. Akatikisa kichwa. Makubaliano yalikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo hiyo. Akarudi, akafagia, akafunga mlango mapema. Chakula cha mchana siku hiyo kilinishinda. Mtu aliyekuwa anaacha kazi hakuachishwa na mkono, alikuwa anaacha kwa sababu ameanza kujitilia shaka, na mimi ndiye niliyempigia kelele.

Jumapili nafungua nusu siku. Sijamaliza hata kutoa ndoo nje, mpima viwanja huyo anakuja na kikapu cha sokoni. Ndani kuna kitu kimeviringishwa taulo. Akakiweka juu ya kaunta taratibu, akafunua. Mashine.

"Jirani," akasema, "ile sabuni niliioshea vyombo."

Ilikuwa hivi. Jumatano sabuni ya jikoni ilimwishia mikononi, vikombe bado vimejaa kwenye beseni. Akanyoosha mkono kwenye rafu akachukua kipande cha karibu, akamaliza vikombe, akakirudisha mahali pake. Maji yalilegeza kingo za tundu na sponji ikalitanua. Hakuwaza chochote mpaka alipoona adapta inacheza. Na pale, alisema, alinyamaza. Alichokuwa anakiomba miezi yote kilikuwa kimekuja chenyewe, na hakuna aliyemlaumu. Lakini asubuhi hiyo alimkuta mkewe mbele ya rafu, anatia vipande vyote vya sabuni kwenye mfuko wa takataka.

Nikakumbuka kile kijipande cha jani la chai. Nilikiona kwa macho yangu, nikakipuliza kama mjinga. Nikamwambia mzee, kosa hili ni letu wawili.

Nikamuuliza kama mkewe anajua. Akasema bado, anataka amwambie akiwa na kitu mkononi.

Tukajaribu. Saizi ya chini yake iliingia kwenye kijiti ikasema tak, ikatulia. Nilikuwa nazo mbili za saizi hiyo, zote nyeusi. Moja ndefu yenye sumaku ndani, nyingine fupi yenye pete ya kuvuta, unaivuta nyuma, biti inaingia, unaiachia inafungwa. Nikaanza maelezo yangu ya siku zote, ndefu inafika pembeni, sumaku ni ya haraka. Akanikatiza.

"Ipi itauonea huruma mkono wake?"

Miaka kumi na tisa, na swali hilo sijawahi kuulizwa. Wateja huuliza ipi ina nguvu, ipi haiharibiki. Nikaleta ubao. Mzee akakunja mikono ya shati, akapiga skrubu kumi kwa ndefu na kumi kwa fupi, kwa mkono wa kulia, na kila baada ya skrubu anaandika kitu kwenye kijikaratasi. Ubingwa wake wote wa viwanja aliuleta hapo. Ile ndefu ilikuwa inayumba mbele, na mkono unapigana nayo kuinyoosha. Ile fupi ilitulia. Tena sumaku, kuchomoa biti yake kunataka vidole vibane kwa nguvu, lakini pete inavutwa hata kwa mkono wa kushoto. Akachagua fupi. Akaichukua bila kufungiwa, akaishika kiganjani mpaka nyumbani.

Sikuwepo alipomwambia. Ninachojua ni kwamba Jumatatu asubuhi mlango wa karakana ulikuwa wazi na mashine inalia, na hakuna aliyekwenda kwa mwalimu mkuu. Mpima viwanja anashika mbao, mkewe anamfokea azinyooshe. Dawati la kwanza lilisimama kabla sijamaliza chai yangu.

Mchana Mama Sabuni akavuka kuja kwangu. Akaninyooshea mkono nione, haujavimba. Nikamwomba radhi kwa zile kelele, akasema kelele zangu ameshazizoea. Kisha akatazama ng'ambo, mumewe alikokuwa anafagia vumbi la mbao.

"Angenyamaza tu," akasema. "Ningekaa nyumbani kama alivyotaka, na kosa ningelijua ni langu mpaka kufa."

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. Na mimi nikaanza kupanga nati ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Akacheka, akafungua kanga kiunoni, akatoa kipande kipya cha sabuni chenye tundu la kitasa, akaniwekea juu ya kaunta. Nilikichukua, na kabla ya kupima nikakinusa kwanza, kisije kuwa kimeoshea vikombe.