Unga Katika Pipa la Mwenyekiti

Karugendo alizoa taka za mji wa Bukoba tangu mwaka uliofuata Uhuru, na hakuna aliyewahi kumsikia akiionea haya kazi hiyo. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, alisukuma mkokoteni nyumba kwa nyumba, akainua mapipa yaliyowekwa kando ya njia, na kabla ya kwenda jalalani alichambua. Maganda ya ndizi aliyapeleka kwenye kibanja chake Kahororo, maana kwa Mhaya ganda la ndizi si taka, ni chakula cha mgomba. Chupa zilioshwa zikaenda kwa wauza mafuta ya taa. Makopo aliyachukua Mustapha, fundi bati, akayageuza vibatari. Watu walimtania kwamba anajua siri za mji kuliko padri, kwa kuwa padri huambiwa tu, yeye huona. Karugendo alicheka, lakini la mtu hakulitoa.

Mwaka 1974 mvua ilikataa. Izigo, alikozaliwa, migomba ilisinyaa, na dada yake Kokubanza alifikia kuchimbua mashina yake chini ya udongo na kuyachemsha ili wajukuu walale. Serikali ilileta unga wa njano, ule watu waliouita yanga. Mwenyekiti wa kamati ya kuugawa upande wa Izigo alikuwa Kashaija, mzaliwa wa huko huko aliyejenga mjini. Mara mbili Kokubanza alikwenda kupanga foleni na wenzake, na mara mbili waliambiwa unga haujafika.

Kashaija huyo alikuwa na mwana, Datius, mwalimu. Datius alimpenda Klaudia, binti pekee wa Karugendo, naye mwalimu, na Klaudia alimpenda yeye. Wazee walikubaliana kwamba Jumapili baada ya misa upande wa mume uje Kahororo kuposa.

Ijumaa Karugendo alifika nyumbani kwa Kashaija kama ilivyo ada, akashika pipa, likagoma kunyanyuka. Alidhani wametupa udongo. Akafukua maganda ya juu, akatumbukiza mkono. Ulitoka na unga wa njano, umevunda, umeota ukungu wa kijani, funza wanatambaa. Chini yake yalikunjwa magunia matatu yenye alama za msaada. Mtu huyu alikuwa ametoa mapipani mbwa waliooza na asitikisike. Siku ile alikaa chini barabarani mbele za watu. Aliposimama, alichukua gunia moja na unga wake, akalificha kwenye mkokoteni chini ya maganda.

Theopista, mkewe, alilitazama gunia, akarudi nyuma kama aliyeona nyoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Baba Klaudia, funika. Hawa ni wakwe zetu."

Karugendo alilipeleka gunia nyuma ya nyumba, akalifunika majani ya mgomba. Hakumwambia binti yake neno, akiamini kwamba anamhurumia.

Jumapili wageni waliingia kwa vicheko. Kashaija, katika koti jeusi, aliuliza kama mkokoteni nao umepewa likizo. Wote wakacheka. Theopista akaleta kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, akamkabidhi mumewe, kwani mwenye nyumba ndiye humkaribisha mgeni. Karugendo alikipokea. Kisha akakiweka nyuma ya kiti chake.

Kicheko kilikatika. Katika nchi ile hata mdai na mdaiwa hupeana kahawa. Mshenga alikohoa, akasema huenda mzee amesahau.

"Sikusahau," alisema Karugendo. "Mwenyekiti, tukila kahawa kikapu kimoja tumekuwa ndugu, na ndugu hamshitaki nduguye. Mimi kesho nakwenda kukushitaki."

Akatoka, akaliburuta gunia kutoka nyuma ya nyumba. Harufu ikajaa sebule.

Kashaija aliruka kutoka kitini. "Mzoa taka wewe, unachungulia pipa langu?"

"Ulipoliweka njiani lilikuwa langu."

Hapo Kashaija akageuka kuwabembeleza waliokuwapo. Alieleza kwamba Mhaya hali yanga, kila mtu anajua. Mhaya ni mtu wa ndizi. Angeugawa, watu wangewarushia kuku. Akaona auweke stoo apate wanunuzi kutoka mikoa mingine, wanunuzi wakachelewa, unyevu wa sakafu ukauharibu. Aliyasema haya bila kutetemeka, na hilo ndilo lililowashtua wengi kuliko gunia lenyewe.

"Dada yangu anakula shina la mgomba," alisema Karugendo. "Ulimwuliza yeye kama hali yanga?"

Datius alimtazama baba yake, akamtazama Karugendo, kisha akatazama sakafu. Kashaija alipotoka, alimfuata.

Klaudia alitokea chumba cha ndani. Macho yalikuwa makavu. "Tata," alimwambia baba yake, "mimi ndiye niliyekuwa naolewa. Kwa nini hukuniambia kwanza?"

Ukweli wa Karugendo ulikuwa safi, lakini alikuwa ameutoa mbele ya wageni wakati mwenye kuumia yuko nyuma ya pazia, hana habari. Hilo halikuwa haki, naye alilijua. Aliinamisha kichwa, akamwomba mwanawe msamaha.

Jumatatu aliamka akamkuta Klaudia mlangoni amevaa viatu. Karugendo alikuwa bado kwenye elimu ya watu wazima. Aliweza kuandika jina lake, basi. Walikwenda wote ofisi ya wilaya, gunia begani kwa baba. Klaudia akaketi, akaandika maelezo yote kwa mwandiko wake wa ualimu: siku, pipa, magunia, jina la Kashaija kwa ukamilifu.

Karani aliyasoma mara mbili, akafuta miwani. Akauliza, kwa kuwa sharti lilikuwa kuuliza, kama walalamikaji wana undugu au ukwe wowote na mshitakiwa.

Karugendo alimgeukia binti yake. Klaudia aliichukua kalamu tena, akaandika: Hakuna.