Mpima maziwa wa Kisondela na picha za mwezi

Nusu saa kabla dumu la kwanza la maziwa halijafika, Esnath Mwakibete amepiga goti kwenye nyasi zilizolowa umande, nyuma ya kituo cha kukusanyia maziwa, Kisondela wilayani Rungwe. Amevaa masweta mawili. Mbele yake, juu ya miguu mitatu, imesimama darubini nyeupe yenye urefu wa mkono wa mtu mzima.

Anaegesha simu kwenye tundu la kuchungulia. Kwenye kioo cha simu kinatokea kipande cha mwezi kilichojaa mashimo. Anashusha mwanga kwa kidole gumba, anabana pumzi, anapiga.

"Usitembee hapo," anamwonya mwandishi. "Ukikanyaga, mwezi wote unatetemeka."

Esnath, mwenye miaka 41, hupima maziwa ya wafugaji kila asubuhi kabla hayajapakiwa kwenda Tukuyu mjini. Kwa kazi hiyo hulipwa Sh180,000 kwa mwezi. Darubini aliinunua katikati ya mwaka jana kwa Mwalimu Erasto, aliyekuwa akihamia mkoa mwingine na hakutaka kuibeba. Alimpa Sh150,000, fedha alizokuwa amezitenga kwa ajili ya bati za jiko.

"Mume wangu Baraka aliniuliza, 'Sasa hilo bomba litazuia mvua?' Nikamwita achungulie. Alikaa pale mpaka ugali ukapoa."

Picha za kwanza ziliharibika zote. Mkono ulicheza, mwezi ukatoka kama doa la maziwa. Ndipo alipokata kandambili kuukuu, akachonga pete ya mpira na kuigundisha kwenye kava la simu. Pete hiyo hukaa sawasawa kwenye tundu la darubini, na simu haichezi tena.

Ugumu mwingine ni mawingu, maana Rungwe mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Nyumbani kwake nako migomba imeziba anga. Kwa sababu hiyo alianza kwenda kituoni mapema, kiwanja kikiwa bado wazi na giza halijaondoka.

Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Oktoba mwaka jana, ng'ombe wawili waliibwa kijijini ndani ya wiki moja. Mmoja alikuwa wa Mzee Jairo, ambaye zizi lake limepakana na kituo. Mzee huyo alisema amemwona Esnath gizani mara nyingi, ameelekeza bomba huku na huku. Kwa maoni yake, mama huyo alikuwa akiwapelelezea wezi.

Kamati ya kituo ilichukua funguo na kumwambia akae nyumbani mpaka jambo lieleweke.

"Siku tano sikufika kazini," anasimulia Esnath. "Watu niliowapimia maziwa miaka tisa wakawa wananipita bila salamu. Nililia, sikufichi. Kuna saa nilitaka kuitupa darubini mtoni."

Mwenyekiti wa kijiji, Ezron, aliitisha kikao jioni ya siku ya tano, akamtaka aje na darubini yake.

"Mimi mwenyewe sikujua ni kitu gani," anasema Ezron. "Nikaona, badala ya kubishana, atuonyeshe. Bahati nzuri mawingu yalikuwa yamefunguka na mwezi ulikuwa nusu."

Watu walipanga foleni. Kila aliyeinama kuchungulia aliinuka akicheka peke yake. Mzee Jairo alikuwa wa mwisho. Aliinama, akajaribu jicho moja, akajaribu la pili, kisha akasema kwa hasira kwamba haoni kitu, wanamdanganya.

Esnath alielewa. Macho ya mzee yalikuwa yameingia ukungu.

"Taata, subiri kidogo," alimwambia, akimwita baba kwa Kinyakyusa. Akavalisha simu kwenye darubini, akapiga picha, akaikuza na kumshikisha mkononi.

Mzee aliisogeza simu karibu na uso. Aliitazama muda mrefu.

"Hii milima iko mwezini?" aliuliza.

"Iko mwezini, taata."

"Majani yapo?"

"Hakuna majani. Hata maji ya kunywesha ng'ombe hakuna."

"Basi wangu hawajampeleka huko," alisema Mzee Jairo, na watu wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alimrudishia Esnath simu kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Nilikukosea mbele za watu, na mbele za watu nasema nisamehe."

Kesho yake Esnath alirudishiwa funguo. Ng'ombe hawajapatikana hadi leo.

Tangu hapo, anga likiwa safi, wapo wanaoleta maziwa mapema kuliko kawaida ili wachungulie. Wanauliza maswali asiyoyaweza, kwa hiyo hujisomea kwenye simu mchana.

Swali linalomshughulisha sasa linahusu sayari ya Zohali, ile yenye pete. Novemba mwaka jana aliipiga picha, na pete zilionekana kama uzi uliochomekwa kwenye chungwa. Wiki iliyopita aliipiga tena. Anaziweka picha hizo mbili pamoja: uzi umenenepa.

"Nilidhani nimekosea," anasema. "Kumbe pete zinatugeukia pole pole. Nimesoma kwamba mwaka 2032 zitakuwa zimefunguka kabisa."

Amepanga kuipiga picha Zohali kila mwaka mpaka wakati huo, kwa darubini hii hii, kutoka kiwanja hiki hiki.

"Nitakuwa na miaka 47. Wataalamu wana mashine kubwa, wanajua haya yote," anasema, akifuta lenzi kwa upindo wa kitenge. "Mimi nataka kuziona zikifunguka kwa macho yangu. Na mtu akiniuliza ilikuwaje, nimpangie picha zangu mezani, mwaka hadi mwaka, nimwambie: zilifunguka hivi, nami nilikuwepo."