Mashine Iliyonyonya Kidonda Changu

Mtoto wangu alizaliwa kwa upasuaji, na kabla sijazoea kumnyonyesha, mshono ukafumuka. Nilikuwa nainuka kitandani, nyumbani kwetu Mikumi, nikahisi maji ya moto yakinitiririka mapajani. Hayakuwa maji. Mama mkwe alifunua kanga, akaziba pua, akamwambia mume wangu, "Mkeo ameoza."

Nilirudishwa hospitali. Daktari alikisafisha kidonda lakini hakukishona. Alijaza sponji nyeusi kwenye lile shimo, akabandika juu yake karatasi ya nailoni isiyopitisha hewa, akaitoboa na kuunganisha mrija uliokwenda kwenye mashine ndogo kando ya kitanda. Mashine ilinguruma taratibu kama friji ya dukani, ikivuta usaha kuupeleka kwenye chupa.

"Inatoa uchafu na kuzivuta nyama zikutane," nesi alinieleza. "Betri yake imechoka, kwa hiyo isitoke kwenye umeme. Ikizima, uchafu unafungiwa humo humo unakula nyama. Ikilia, niiteni."

Aliyasema hayo mbele ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuja kuniuguza. Mama yangu alikuwa kwao Rudewa na mtoto, akimlisha maziwa ya kopo. Wifi hakunitaka tangu siku ya posa. Alikuwa na mwanamke wake aliyemchagulia mdogo wake. Kila aliyekuja kunijulia hali alimwonyesha ile chupa. "Oneni mali tuliyooa," alisema, na watu walitazama chini.

Mchana mmoja niliamka kutoka kwenye usingizi wa dawa, nikasikia kimya. Nailoni ilikuwa imetuna tumboni, na chini yake yalicheza maji ya rangi ya chai ya maziwa. Waya wa mashine ulikuwa sakafuni. Kwenye soketi ilichaji simu ya wifi.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mama wa Kimasai aliyevunjika mguu. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilitosha. "Ililia," aliniambia. "Akabonyeza. Nikamwambia ita nesi. Akasema, nyamaza."

Nesi alikuwa ameshaanza kubandua nailoni wakati wifi anarudi, mkononi ana chungwa lililomenywa.

"Mama, si nilikuambia?" nesi alimuuliza.

"Uliniambia. Na simu yangu ilikuwa imezima. Sasa mtu akose mawasiliano kwa ajili ya usaha?"

Usiku ule homa ilipanda. Walinirudisha chumba cha upasuaji, wakakata nyama iliyokufa, na nilipozinduka daktari akaniambia wametoa na kizazi. Nilimuuliza kama ni ile mashine kuzimwa. Alisema maambukizi yalikuwa yameshaingia ndani, hawezi kuapa kwamba ni hilo peke yake. Nilimshukuru kwa kutonidanganya, lakini wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilidaka neno hilo na kuondoka nalo.

Mume wangu alikuja akasimama miguuni pa kitanda.

"Dada alisahau tu," alisema.

"Hakusahau. Aliizima isilie."

"Ni dada yangu. Unataka nimfanye nini?"

Alitazama tumbo langu lililofunikwa shuka, akauliza kama ni kweli sitazaa tena. Nilipomwambia ni kweli, alitikisa kichwa polepole, akaaga. Hakurudi.

Mama yangu alikuja na mtoto kuniuguza, akakaa mgongo wake umeegemea ukuta penye soketi, hata chakula alikula hapo hapo. Mashine ilifanya kazi yake. Nyama nyekundu zikaota, shimo likajaa, tumbo likafunga na kuacha kovu lililokunjamana.

Sasa napika kwenye kibanda cha madereva wa malori, hapa Mikumi. Mwanangu anakimbia, na baba yake ameshaoa yule aliyechaguliwa na dada yake. Juzi wifi aliingia, akakaa meza ya mlangoni. Nilimwamkia kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Mwenzio ana mimba ya pili," alisema, akavuta sahani karibu. "Nina njaa. Kuna nini leo?"

Nilimwambia kuna wali na maharage.