Kambi ya Pasaka bila Dada Atu

Siwezi kuamini, ndugu zangu. Nimeandika "marehemu" mbele ya jina lake nikafuta, nikaandika tena, nikafuta tena. Naomba nimwite Dada Atu tu, kama siku zote.

Kwa ambao hamkumfahamu: Atupele alikuwa mwalimu hapa Mtwara, na ndiye aliyeongoza kambi yetu ya Pasaka ya wanafunzi wa sekondari. Wiki iliyopita alishikwa na homa tukiwa katikati ya maandalizi. Jumamosi akatutoka. Jana tumemzika.

Na kambi inaanza Alhamisi hii, kule Ziwani.

Nilikutana naye miaka ya tisini ikielekea mwisho, mimi kidato cha pili, yeye cha sita. Kambi ilikuwa Mpapura. Tulilala madarasani kwenye mikeka, na mvua ilipiga bati mpaka mhubiri akashindwa, akafunga Biblia, akasema, "Basi imbeni!" Jamani, tuliimba!

Mimi nilikuwa mtu wa kujificha. Mwalimu akiita jina langu tu, viganja vinalowa. Dada Atu aliniona nimejibanza nyuma ya nguzo, akaja akakaa kando yangu.

"Mdogo wangu, unaogopa nini?"

"Watu."

"Vizuri. Kuanzia leo wewe ndiye mtangazaji wetu wa chakula."

Mchana ule nilisimama kwenye ngazi nikasema "chakula tayari" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Kambi ikaendelea kuimba. Ugali wa muhogo ukapoa, ukagoma kukatika. Kaka wa kidato cha nne walikuja juu: "Nani kamchagua huyu? Anatangaza au anatunong'oneza siri?"

Nilidhani atanipokonya ile kazi. Wapi! Kwa Dada Atu, kazi ikikushinda unaachiwa hiyohiyo. Kesho yake alikwenda kusimama mwisho kabisa wa uwanja wa mpira, akanipungia mkono: niite mimi. Nikavuta pumzi, nikapiga ukelele mpaka mbuzi wa jirani wakatawanyika. Kule mwisho wa uwanja akaruka, mikono yote miwili juu, kama timu yake imefunga goli!

Alikuwa mtoto wa Mbeya, baba yake alihamia huku kufanya kazi bandarini. Lakini ngoma ya Kimakonde ikipigwa hakai. Zeferino, mwenzetu wa Kilambo, ambaye wazazi wake walitoka ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, alikuwa akianzisha wimbo wa sifa kwa Kimakonde na Dada Atu anaingia katikati. "Dada, kiuno umekisahau Mbeya?" anamtania. "Kinakuja na meli," anajibu, na hachoki kucheza.

Sasa hili la interview wengi mnalijua, lakini acheni nilirudie, kwa sababu yeye alilipenda kuliko yote.

Nimemaliza masomo, nimeitwa usaili wa ukarani wa kaunta. Kambini tulizoea: ukisimama mbele za watu, unaanza na salamu. Basi nikaingia, nikaona watu watatu wananitazama bila kutabasamu, mkono wangu ukapanda wenyewe, na kwa sauti ileile ya uwanja wa mpira nikasema, "BWANA YESU ASIFIWE!"

Mwenyekiti, mzee wa kofia ya kufuma na tasbihi mezani, akaniangalia taratibu.

"Tumesikia, binti. Na sisi hutusalimii?"

"Shikamooni."

"Marahaba. Keti."

Kazi nilipata! Nilipomsimulia Dada Atu, alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga pale mtaani Rahaleo. "Kaunta inataka mtu wa kusikika," akasema. Ukienda leo wodini, madarasani, hata bandarini, utawakuta manesi, walimu na makarani waliowahi kutangaza chakula kambini. Wote ni watoto wake.

Jana baada ya maziko kamati ilikaa. Wengine walisema tuahirishe, tuomboleze kwanza. Zeferino, ambaye sasa ni mwalimu hukohuko Ziwani, akauliza, "Tukiahirisha tutakutana tena lini? Na tukienda, nani atafungua?" Watu wakaanza kuokota mikoba yao. Ile kambi ilikuwa inafia pale, mbele ya macho yangu.

Nikanyoosha mkono.

"Wewe?" Zeferino akashangaa. "Utafungua kambi au utatutangazia ugali?"

Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi. Nikasema, "Vyote viwili."

Leo asubuhi nimekwenda kuomba ruhusa. Bosi wangu ni yuleyule mzee wa kofia. "Ukasimame mbele ya watoto wote hao? Wewe unayebisha hodi mara tatu na mlango uko wazi?"

"Ndiyo, mzee."

Akavuta kalamu asaini. "Huyo dada yako nilimwona mara moja tu hapa kaunta, lakini nilimsikia mpaka chumba cha nyuma. Nenda, mwanangu. Mungu amrehemu."

Nakiri bado naogopa. Hata sasa nikiandika, viganja vimelowa. Sina sauti yako, Dada Atu, wala sijui nitasema nini baada ya sentensi ya kwanza.

Lakini tangu Jumamosi simu yangu imejaa meseji za wanafunzi wa Mpapura, wa Ziwani, wa Kilambo, wote wanauliza neno moja: dada, kambi ipo? Nilikuwa sithubutu kujibu. Leo nimewajibu wote: Ipo! Njooni na mikeka.

Ulale salama, dada yangu. Sisi Alhamisi asubuhi tunaondoka.