Kunde Zilizopakwa Jivu

Sikumpenda mama mkwe wangu. Nasema wazi, kwa sababu hata yeye alijua na wala hilo halikumnyima usingizi. Lakini wakati ule wa Hali ya Hatari, Mwingereza alipokuwa akiwasaka Mau Mau, tulifungiwa nyumba moja, mimi, yeye na binti yangu mdogo, kwenye kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu kati ya Ruiru na Thika. Mume wangu alikuwa kizuizini na hakuna aliyetuambia ni wapi. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa ncha, na lango lilikuwa moja tu. Ukitaka kwenda popote unaomba ruhusa kwa homugadi, mlinzi wa serikali, na homugadi mwenyewe ni kijana wa kwetu aliyekuwa akiniamkia kwa adabu kabla hajapewa bunduki.

Mtoni tulipelekwa mara moja kwa siku, wanawake wote pamoja, askari mbele na askari nyuma. Kila mtu debe moja mgongoni. Filimbi ikilia, umejaza hujajaza, unarudi. Kilikuwa kiangazi kikali na mto wenyewe ulikuwa umenywea, kwa hiyo nusu ya maji yale ilikuwa tope.

Sasa juu ya debe hilo moja wakatuletea sheria. Tuliitwa uwanjani, bwana mmoja ofisa wa serikali akatusomea kwamba maji yakishatumika yasimwagwe karibu na nyumba, wala yasitumiwe kumwagilia mimea, kwa sababu yanaleta mbu. Yote yabebwe mpaka shimo lililochimbwa karibu na lango. Atakayekaidi, mimea yake itang'olewa na yeye atapelekwa kuchimba handaki. Mbu! Watoto walikuwa wanazikwa kila wiki kwa njaa na kuhara, na yule bwana amesimama pale na viatu vinavyong'aa anatuhubiria habari za mbu.

Mimi ningetii. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hutii upesi. Lakini binti yangu alikuwa mgonjwa. Surua ilimpata, ikapona, ikamwachia miguu iliyovimba na nywele zilizogeuka rangi zikawa kama ndevu za mahindi. Alikuwa halii. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alilala akitazama ukuta, na ukimpelekea uji anafunga mdomo. Nilipopata ruhusa ya kumpeleka Thika, dresa wa zahanati alimbonyeza mguu, akatikisa kichwa, akaniambia nimpe maziwa, maharagwe na mboga za majani, la sivyo nitampoteza. Maziwa ya nani? Ng'ombe wetu walikuwa wamechukuliwa. Maharagwe aliyatema. Kitu pekee alichokubali kumeza ni majani ya kunde yaliyopondwa, kijiko kimoja, viwili, halafu anageukia ukuta wake.

Kwa desturi yetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na kupewa jina si kuitwa tu, ni kuwa yule mtu. Kwa hiyo yule mtoto alikuwa mama mkwe wangu tena, na kikongwe alikuwa anajitazama akifa kitandani. Hakuniambia hivyo. Alitoa mbegu za kunde alizokuwa amezifunga kwenye pindo la nguo yake, akazipanda nyuma ya nyumba, kati ya ukuta wetu na ua wa jirani, akaniambia, "Kuanzia leo maji ya nyumba hii ni yangu."

Na kweli yakawa yake. Huko nje kulikuwa na sheria ya serikali, ndani kulikuwa na sheria ya mama mkwe, na sijui ipi ilikuwa kali zaidi. Maji ya kwanza ni ya kunywa na kupika. Ya kuoshea viazi yanawekwa yatulie, yanaoshea sufuria. Ya kuoshea sufuria ananawia uso yeye, halafu mimi, halafu tunasimama ndani ya karai tunaosha miguu, na hayo ndiyo yanakwenda kwa kunde. Sabuni isiguse karai lile hata kidogo, itaunguza mizizi. Maji ya nguo za mtoto aliyehara yasikaribie mboga, hayo yapelekwe shimoni. Na asikuone mtu.

Asikuone mtu vipi, na jioni tukishafungiwa hakuna kutoka? Aka, mwanamke yule alikuwa na akili ya mwizi! Alitoboa ukuta wa udongo chini ya kitanda, akapenyeza bua la jani la mpapai, lenye uwazi katikati, na kila jioni tulipiga magoti tukamimina maji yetu machafu kwa kikombe, polepole, yakaenda yenyewe mpaka kwenye mizizi. Asubuhi mimi nilibeba debe la maonyesho. Ndani ni yale maji ya sabuni na ya nguo, na alinifundisha kuyamwaga shimoni kwa kishindo ili homugadi asikie na aridhike.

Basi kunde zikashika, zikanawiri, na hapo ndipo matatizo yalipoanza. Kijiji kizima kilikuwa cha vumbi. Kila jani lililoota lilikuwa limekauka, na nyuma ya nyumba yetu kuna kijani kinachopiga kelele. Mama mkwe alitazama, akaguna, akaenda kuchota jivu jikoni. Kila asubuhi kabla ya doria kupita tulizipaka kunde zetu jivu na vumbi, jani kwa jani, mpaka zikaonekana kama zimekufa juzi. Homugadi alipita, akazitazama, akatema mate, akaendelea na safari yake.

Hayo maisha yalinichosha. Sikuwa nimeoga maji ambayo hayajapita kwa mtu mwingine tangu tuingie pale. Nilikuwa nanuka, harufu mimi mwenyewe naisikia. Siku moja damu ilinichemka, nikachukua maji safi kwa viganja nikajimwagia shingoni, mbele yake, makusudi. Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Hayo yalikuwa jani moja," akarudi kumpondea mtoto. Nilimchukia! Nilitaka kupiga mayowe, lakini ukipiga mayowe mle unakuja kuulizwa na mtu mwenye bunduki, kwa hiyo nilimeza.

Mtoto naye alianza kumeza vijiko vitatu, vinne. Hakusema kitu, hakuomba kitu, lakini uvimbe wa miguu ulipungua na siku moja aliacha kutazama ukuta akatutazama sisi. Mama mkwe aliniambia nisishangilie bado. Kunde zivumilie mpaka mvua, alisema, mvua ikinyesha kila mtu atakuwa na kijani na hatutaogopa tena. Kwa hiyo tuliiomba mvua. Jamani, tuliiomba.

Ilikuja alfajiri. Si mvua ya maana, ni manyunyu tu, ya kulowesha paa na kukoma. Niliyasikia nikiwa nimelala, nikatabasamu kama mjinga. Mama mkwe ndiye aliyeruka kitandani. "Jivu!" alisema. Tulisimama mlangoni na hatukuweza kutoka, kwa sababu filimbi ya asubuhi ilikuwa haijalia na anayetoka kabla yake anapigwa risasi. Ilipolia, doria ilikuwa imeshafika nyuma ya nyumba. Kijiji chote bado kilikuwa kikavu, vumbi limelowa tu, na kunde zetu zimeoshwa, zinang'aa.

"Hii mboga inakunywa maji gani?" aliuliza homugadi, yule yule kijana wa kwetu. Alifuata unyevu kwa fimbo mpaka ukutani, akalikuta bua, akalivuta nje. Mwenzake aliingia akamkuta mtoto juu ya kitanda na karai chini yake. Nilipiga magoti. Nilimwambia yule kijana kwamba mtoto anakula hizo tu, nikamwita yeye kwa jina la baba yake ili akumbuke sisi ni nani kwake. Alitazama pembeni. "Sheria si yangu, mama," alisema, na akaanza kung'oa.

Niliandikiwa kuchimba handaki kuanzia kesho yake. Mama mkwe aliamriwa abebe mashina yote mpaka shimoni, na alitembea pole pole, ameinama, analalamika mgongo kwa sauti, na njia nzima vidole vyake vilikuwa vinachuma. Aliporudi alifungua nguo kifuani, majani yakaanguka sufuriani.

Tuliyapika yote, kwa sababu yangenyauka. Hatukuonja. Mama mkwe aliponda, mimi nikalisha, na mtoto akameza kijiko kimoja, viwili, akaendelea, nikapoteza hesabu, mpaka bakuli likawa tupu. Nikafuta mdomo wake nikangoja ageukie ukuta. Hakugeuka. Alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo, akavuta bakuli kwake, akachungulia ndani. Nikakwangua sufuria kwa kidole, mzunguko mzima, nikampa kidole akanyonya. Mama mkwe alikuwa ananitazama, na ndiyo siku ya kwanza niliyomwona akilia.

"Ongeza," alisema binti yangu.