Mama Usiburute

Ghalani makuli walimwita msimamizi wao Mama Usiburute, maana neno hilo ndilo lililomkausha koo kutwa nzima. Walikuwa wakivuta bati la rangi juu ya jingine, na rangi ikishachubuka, kutu haipigi hodi.

"Nyanyueni, watu wawili!" alifoka.

"Sawa, mama," walijibu. Akigeuka tu: kwaruuu!

Jioni moja alirudi nyumbani hoi. Mabati ya nyumba yake mwenyewe, aliyoyachagua moja moja, yalikuwa yameletwa mchana. Kabla hajafungua geti akasikia: kwaruuu! Mumewe alikuwa akiyaburuta peke yake kwenye sakafu ya zege, jasho linamtoka, meno yote nje.

"Nilitaka ukute kazi imekwisha, mke wangu."

Mama Usiburute akafungua mdomo afoke. Sauti yote alikuwa ameimalizia ghalani.