Michoro Iliyopungua

Siku yangu ya kwanza kazini, Kisarawe, nilikabidhiwa kiti kibovu na kompyuta mbili zisizoelewana. Moja ilikuwa ya mezani, ya Windows; nyingine ya Linux, ndiyo seva, yaani kompyuta kuu ya kutunzia mafaili. Kampuni ilikuwa ya watu binafsi, ya kupima mashamba. Imeshakufa, na jina lake silitaji kwa sababu sitaki kulisikia.

Mkuu wa Kompyuta, mama mmoja mkali, hakunipa hata maji. "Kijana, hapa kuna mafaili ya aina mbili," alisema. "Ya maandishi, kama orodha za majina, na yasiyo ya maandishi: picha, michoro, programu. Ukichanganya, utanitambua."

Leo mnabonyeza tu. Enzi zetu programu ya kuhamisha mafaili ilitaka uchague: hali ya maandishi au hali ghafi, isiyobadilisha kitu. Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Hali ya maandishi huondoa ile ya ziada njiani, na orodha husomeka vizuri. Lakini mchoro hauna mistari ya maneno. Alama hizo zikitokea ndani yake ni sehemu ya picha yenyewe; ukiziondoa umeiua, na hakuna wa kuifufua. Mchoro huhamishwa kwa hali ghafi, kisha unalinganisha ukubwa wa faili huku na kule. Ukiona limepungua hata kidogo, unarudia.

Baadaye nikahamishiwa Kibaha, chini ya Meneja wa Tawi. Huyu alijua kila kitu, hasa asichokijua. Siku moja tukihamisha orodha za wenye mashamba, aliona mafaili yamepungua, akashtuka. Nikamwambia, "Usijali bosi, kupungua kidogo ni kawaida." Kwa orodha ilikuwa kweli. Sikuongeza neno, na ninajuta mpaka leo.

Nilipokwenda likizo, akahamisha mwenyewe michoro yote ya mashamba ya Gwata kwa hali ileile ya maandishi. Karatasi za michoro hiyo, nilizozikusanya mwenyewe kwa wakulima, zilikuwa zimeliwa na mchwa, zikachomwa mara tu baada ya kuskaniwa. Akaona mafaili yamepungua, akaridhika, akafuta yaliyokuwa kwenye Windows ili apate nafasi. Niliporudi, haukufunguka hata mchoro mmoja.

"Si ulisema mwenyewe kupungua ni kawaida?" aliniuliza mbele ya wafanyakazi wote.

"Nilisema orodha, bosi."

"Orodha, michoro, si mafaili yote hayo? Usinifundishe kazi!"

Haukupita muda akaja Bi Mwanaidi, mkulima wa Gwata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimefuata ramani yangu. Jirani kang'oa mawe ya mpaka, anasema kisima changu ni chake."

"Haifunguki, mama."

"Haifunguki vipi, na wewe ndiye uliyekuja kuichukua? Si nilikupikia mihogo ukala?"

Niliitwa baraza la kata kutoa ushahidi. Asubuhi hiyo Meneja aliniambia, "Sema faili limeharibika, basi. Ukitaja mtu, usirudi hapa." Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Nikasema faili limeharibika lenyewe. Upande wa kisima ukaenda kwa jirani.

Sasa nimestaafu, ninaishi mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Vijana wakija kuniuliza habari za kazi huwaambia: usifute cha huku kabla hujafungua cha kule. Wananicheka, eti siku hizi simu inajua yenyewe. Haya, na wacheke.

Mwaka jana nilikwenda Gwata kumwomba radhi Bi Mwanaidi. Nikakuta alishazikwa. Binti yake alinikaribisha kwa heshima zote, akaniletea maji ya kunywa.

"Utuwie radhi, mzee," alisema. "Yana tope kidogo. Siku hizi tunachota bwawani."

Nikayanywa yote. Nikashukuru, nikaaga, na nilichokiendea sikukisema.